Mirathi ya Mrabaha wa Mafuta: Tusicheleweshe Kugawa

Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.).

Katika jimbo la Texas, Marekani, mafuta na gesi vilivyo chini ya ardhi huweza kumilikiwa na mtu binafsi, hata kama ardhi ya juu ni ya mwingine. Mwenye haki hiyo huikodisha kwa kampuni ya uchimbaji, nayo humlipa mrabaha, yaani fungu la kile kinachotoka kisimani. Je, Muislamu mwenye mrabaha akifariki, haki hiyo inarithiwa?

Jawabu ni ndiyo. Hiyo ni mali, na huingia katika tarika pamoja na nyumba na fedha. Hulipwa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapewe mafungu yaliyobainishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11 na 12. Malipo yanayoingia baada ya kifo si ya yule anayepokea barua za kampuni, bali ni ya warithi wote.

Kwa upande wa serikali, kampuni ikipata habari za kifo kwa kawaida huzuia malipo mpaka ioneshwe mmiliki mpya. Wasia hupelekwa mahakamani, na kwa kawaida muda wake ni miaka 4 tangu kifo. Hata kama marehemu aliishi jimbo jingine, sheria inayofuatwa ni ya mahali yalipo madini. Pasipokuwa na wasia, mahakama huombwa iwatambue warithi, au kiapo cha watu wanaoijua familia, wasio na maslahi, huandikishwa katika kaunti yenye madini.

Lakini pasipo wasia, sheria ya Texas huwapa watoto wa kiume na wa kike sawa. Kwa hiyo Muislamu mwenye mali huko aandike mapema kwamba kila mrithi apewe fungu lake la kisharia. Huko si kumzidishia mrithi, bali ni kulinda haki yake.

Kuchelewa nako kuna madhara. Tuchukue mfano: mtu amefariki akaacha mke, mtoto wa kiume na wa kike. Mafungu ni 24: mke 3, mwana 14, binti 7. Kabla ya kugawa, mwana naye akafariki, akaacha mama yake huyo, mke na mtoto wa kiume. Hii mafakihi huiita munasakhat. Sasa mafungu yanakuwa 288: mama 64, binti 84, mke wa mwana 21, na mjukuu 119. Akifa wa tatu, hesabu inazidi kuwa ngumu, na anayeumia ni huyo yatima na mama yake mjane.

Basi maimamu wetu, mkimaliza kuzika, wakumbusheni jamaa: madeni yalipwe, hati zitafutwe, na kila mwenye haki apewe haki yake.

Wallahu aalam.