Nyumba ya Tippu Tip: watu wanaishi humo, nani anatengeneza?

Toka Kalengera mpaka Bukavu, jina la Tippu Tip linajulikana: mfanyabiashara wa watumwa na pembe za tembo, mwenyi mwaka 1887 alifanywa liwali wa Stanley Falls, kusema Kisangani ya leo. Wachache wanajua nyumba yake iko wapi. Iko Shangani, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kwa miaka mingi familia mbalimbali zimegawana vyumba vyake.

Namna gani? Kisha mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Zanzibar ilichukua majumba mengi, wenyewe wamekimbia, ikapangisha watu wa kipato kidogo kwa pesa kidogo. Butiki chini na familia juu haikuwa kitu kipya pale. Nyumba nyingi za wafanyabiashara Wahindi zilijengwa hivyo toka mwanzo: duka linatazama barabara, mwenye duka analala ghorofani.

Shida inaanzia kwenye paa. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Mvua ikipenya, ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta inaoza pole pole, na hakuna anayeiona. Fundi akija na simenti ndiyo anazidisha: simenti inafunga maji ndani, wakati chokaa inayaacha yatoke. Tena kila familia ikiweka choo chake na bomba lake, ukuta unalowa pande zote. Na pesa ya nyumba ikiwa ndogo sana, ya kutengeneza itatoka wapi? Mpangaji anasema nyumba ni ya serikali. Serikali inasema mpangaji ndiye anaishi humo.

Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, UNESCO ikauingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la 1883, ilianguka wakati wa matengenezo. Watu wawili walikufa.

Huku kwetu nyumba za wakati wa Wabeleji zimebaki zaidi Bukavu kuliko Goma, ambako lava ya Januari 2002 ilimeza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Anayetaka kuigawa moja kwa wapangaji, rangi ingoje. Kwanza karatasi za parsele, ijulikane nani atalipa paa likivuja. Halafu paa lenyewe. Kuta za kugawa vyumba vya juu ziwe za mbao nyepesi, si matofali. Vyoo viwe upande mmoja, na bomba lishuke inje ya ukuta, mahali kila mtu ataliona likivuja.