Kuvumwani Katika Kitalu cha Dungusi: Jinsi ya Kuiondoa Bila Kuua Miche

Tangu masika yaanze, maafisa ugani wa kata za ukanda wa juu wamekuwa wakiulizwa swali moja kwa namna mbalimbali: "Nimeotesha mbegu za dungusi, zimechipua vizuri, lakini sasa trei nzima imefunikwa na kitu cha kijani kama zulia. Ninyunyize dawa gani?" Jibu fupi la wataalamu wetu ni kwamba usinyunyize dawa yoyote. Jibu refu ndilo makala haya.

Uoteshaji wa dungusi, au kaktasi kama wauzaji wa maua wanavyouita mmea huu, umekuwa chanzo cha kipato kwa vijana na akina mama wanaouza mimea ya vyungu kandokando ya barabara. Baadhi ya vikundi vimeanza kazi hiyo kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, unaotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mtaji mkubwa katika biashara hii ni muda. Mche wa aina nyingi za dungusi, hata ukitunzwa vema, hutimiza mwaka ukiwa bado na ukubwa wa njegere. Anayepoteza trei moja amepoteza mwaka mzima. Kikundi kimoja kilichofika ofisini kwetu kilikuwa kimenyunyizia trei zake mrututu uliobaki shambani kwenye kahawa. Kuvumwani ilikauka, na miche nayo ikakauka. Tarehe ya marejesho ya mkopo haikusogea.

Ni vema kwanza kuufahamu mmea wenyewe. Kuvumwani ni ule utando laini wa kijani unaoota juu ya mawe, mapaa na kuta zenye unyevu. Hauna mizizi ya kweli, bali nyuzi fupi za kujishikiza. Wala hauna mbegu, bali huenezwa na spora, chembe ndogo kuliko vumbi la unga, ambazo hupeperushwa na upepo na kusafiri ndani ya udongo na maji. Kwa hiyo hakuna kitalu kisichofikiwa nazo. Kinachoamua kama zitaota ni jambo moja: je, uso wa udongo unabaki na maji muda mrefu? Mara nyingi kuvumwani hutanguliwa na utelezi wa kijani, ambao ni mwani. Atakayeuona utelezi huo amepewa taarifa mapema.

Kuvumwani hainyonyi utomvu wa mche. Madhara yake ni ya jirani mbaya. Huukumbatia mche mchanga hadi kuufunika usipate mwanga. Huhifadhi maji shingoni mwake, mahali ambapo ugonjwa wa kinyausi, unaojulikana sana na wakulima wa nyanya na kabichi, huanzia. Tena huwapa makazi vinzi vidogo vyeusi, ambavyo mabuu yake hutafuna mizizi michanga.

Ugumu wa kazi hii uko hapa. Dungusi mkubwa hustahimili ukame, lakini mbegu yake na mche wa wiki za mwanzo huhitaji unyevu na joto, na ndiyo maana waoteshaji hufunika trei kwa plastiki inayopitisha mwanga. Mazingira hayo hayo ndiyo kuvumwani inayapenda. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuacha trei yake ikiwa imefunikwa kwa miezi mitatu, akiamini kwamba unyevu uliozisaidia mbegu kuchipua ungeisaidia na miche kukua. Alivuna zulia.

Kazi ya kuzuia huanza kabla ya mbegu kugusa udongo. Mchanganyiko ufaao ni mchanga wa chembe kubwa na changarawe laini kwa wingi, pamoja na mboji kidogo iliyochekechwa. Samadi isitiwe, kwa kuwa rutuba nyingi juu ya udongo wenye maji hunufaisha mwani na kuvumwani kabla ya dungusi. Udongo wa msituni na mchanga wa kando ya mto huja ukiwa umejaa spora. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, hivyo machimbo ya mchanga ukingoni mwa mito yetu yasifanywe kisingizio cha kitalu.

Baada ya kuchanganya, lowanisha udongo kidogo, uweke ndani ya sufuria au pipa lenye mfuniko, kisha upashe moto hadi mvuke upenye kila mahali. Ukishapata moto barabara, uache hivyo kwa dakika 30. Usiuunguze. Acha upoe ukiwa umefunikwa, maana udongo uliopikwa na kuanikwa wazi uani hupokea spora upya siku hiyo hiyo. Trei na vyungu vya zamani vioshwe kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, na visuuzwe vizuri. Hapo ndipo mahali pekee pa dawa hiyo. Isifike kwenye mche.

Mbegu za dungusi ni ndogo na nyingi huhitaji mwanga ili zichipue, hivyo hazifukiwi. Tandaza juu ya udongo tabaka jembamba la changarawe safi yenye chembe za milimita 2 hadi 3, kisha nyunyiza mbegu zidondokee katikati ya chembe hizo. Changarawe hukauka upesi kuliko udongo, na juu ya uso mkavu spora haipati pa kuanzia. Kwa maoni yangu, hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo haina gharama kubwa.

Maji yatolewe kutoka chini. Weka trei yenye matundu ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, subiri hadi uso wa udongo ubadilike rangi, kisha uiondoe ichuje. Umwagiliaji wa kutoka juu hulowesha pale pale pasipotakiwa. Miche ikishachipua na miiba ya kwanza kuonekana, anza kuinua plastiki kidogo kidogo, saa moja leo, saa mbili kesho, hadi uiondoe kabisa. Kuanzia hapo uso wa udongo uachwe ukauke kabla ya kumwagilia tena. Wanaoweza kusubiri wasioteshe wakati wa masika wala wa baridi ya Juni hadi Agosti.

Je, kama kuvumwani imekwisha kuota? Ikiwa ni madoa machache, ing'oe kwa kibano au kijiti cha meno udongo ukiwa na unyevu kidogo, huku kidole kikiubana mche usitoke nayo. Kisha ziba nafasi kwa changarawe. Ikiwa imetanda trei nzima, usihangaike kuikwangua. Andaa udongo mpya, inua miche mmoja mmoja pamoja na mizizi yake, safisha nyuzi za kijani kwa brashi laini, uipande upya na usubiri siku chache bila kuimwagilia ili majeraha ya mizizi yapone. Miche mingine itakufa. Hata hivyo, itakayobaki ni mingi kuliko ambayo ingebaki chini ya zulia.

Siki, mafuta ya taa na mrututu vimependekezwa mitaani. Vyote vinaweza kuunguza mche laini, na viuatilifu vinavyohifadhiwa nyumbani ndani ya chupa za soda ni hatari kwa watoto.

Neno kwa wanaotafuta pitaya, ambayo nayo ni jamii ya dungusi: maelezo haya yanafaa kwa mbegu zake, lakini mmea wa mbegu huchukua miaka kadhaa kuzaa. Anayetaka matunda apande vipande vya shina. Kwa upande wake, mpungate usitupwe ovyo, kwani kila kipande kinachogusa ardhi huota.

Mkazi mwenye trei iliyovamiwa anaweza kuipeleka kwa Afisa Ugani wa kata yake, siku za kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Ushauri hautozwi malipo. Ipelekwe trei yenyewe ndani ya boksi, isimwagiliwe asubuhi hiyo, na aliyekwisha kunyunyiza kitu chochote aje na chombo chake ili kibandiko kisomwe.