Sumo za Japani na Ngumi za Pumwani

Nina mpwa wangu aliyeletwa Nairobi na mama yake ajifunze umeme wa magari. Ndugu yangu alimshusha kwenye basi la kutoka Mombasa, akamshika mkono, akanikabidhi mbele ya abiria wote. "Kaka, huyu ni amana," akasema. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa uzito wa neno hilo.

Haukupita mwaka, nikaanza kumwona kijana akirejea jioni na vitambaa vimemzunguka vidoleni, shati limelowa jasho, na hamu ya chakula isiyo ya kawaida. Nikamwuliza. Akainamisha kichwa akajibu, "Mjomba, nacheza ngumi."

Mimi makazi yangu ni Pumwani, na kwa Nairobi hakuna mahali panaponikumbusha kwetu kama hapa: adhana, harufu ya mahamri asubuhi, na wazee wenye kofia za viua wakibishana barazani. Lakini Pumwani na mitaa ya mashariki inayoifuata, Shauri Moyo, Muthurwa, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho hadi Kariobangi, ni nchi ya ngumi tangu zamani. Mtaa ulijengwa na ukumbi wake, na mara nyingi ukumbi ulikuwa na gunia limening'inia pembeni. Kaloleni, iliyojengwa katika miaka ya 1940 na mafundi waliokuwamo mateka wa vita Wataliano, ukumbi wake ulisikia hotuba za wadai uhuru mchana na vishindo vya mabondia usiku. Muthurwa, kwenye nyumba za watu wa reli, kulikuwa na klabu iliyojiita Dallas. Kwa nini Dallas, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Basi nilikuwa nikijua habari za ngumi, ila kwa mbali, kama mtu anavyozijua habari za jirani. Sasa jirani ameingia nyumbani.

Ndugu yangu alipopata habari alinipigia simu usiku. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitia hofu. Akaniuliza kama nimesahau ya Robert Wangila. Sikusahau. Mwaka 1988 nilikuwa kijana, na redio za Mombasa zilipotangaza kwamba Wangila, mzaliwa wa Nairobi, amemwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili huko Seoul na kutwaa dhahabu ya Olimpiki, watu wasiojua ulingo una pembe ngapi walikumbatiana njiani. Na Julai 1994 redio zilezile zikatangaza kwamba amefariki Las Vegas kwa majeraha ya pambano. Alikuwa hajatimiza miaka 27.

"Kisha," akaongeza ndugu yangu, "wewe ulisoma chuoni. Usoni hapapigwi."

Hapo alinishika pabaya. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim: apiganaye auepuke uso. Na tena tulifundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipigana mieleka na Rukana, mbabe wa Makureshi, akambwaga. Kwa hiyo mieleka ina mlango wazi, na ngumi mlango wake una kizingiti kirefu. Nikamwahidi ndugu yangu kwamba nitalitazama jambo. Neno "kulitazama" ni zuri sana, ndugu msomaji, kwa mtu asiyejua la kufanya.

Na kweli nikaanza kutazama, ila nilichotazama ni sumo.

Mambo yalianza Januari 2024. Kijana alikuwa na simu yake, na Jumapili moja nikamkuta amezama kutazama wanaume wawili wakubwa mfano wa mitungi, wamefunga winda, wakirusha chumvi. Mtu wa pwani akiona winda lile atageuza uso kidogo, nami niligeuza. Kisha nikarudi. Wakaparamiana, na kabla sijavuta pumzi mmoja alikuwa nje ya duara. Hakuna ngumi wala damu. Kugusa chini kwa kitu chochote ila nyayo ni kushindwa, na kutoka nje ya duara ni kushindwa. Hakuna mizani ya kutenga wanene na wembamba, kila mtu hukutana na kila mtu. Aliyeshinda huinamisha kichwa kwa adabu, haruki wala kujipiga kifua. Nikasema moyoni, hii ndiyo mieleka yetu ya mchangani tuliyokuwa tukiipiga tukitoka chuoni, ila wenzetu wameilisha vizuri zaidi.

Nikamwambia kijana, "Kama ni lazima upigane, mbona usingeupenda huu?" Akacheka. "Mjomba, nitaupatia wapi Makadara?"

Lakini kilichonivuta zaidi ni kalenda yao. Tangu mwaka 1958 mashindano makuu ya sumo ni 6 kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba Tokyo, Machi Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Kila shindano ni siku 15, nao wa daraja la juu hupigana kila siku. Mwenye ushindi 8 hupanda, mwenye kushindwa mara 8 hushuka, na orodha mpya ya vyeo hutolewa kabla ya kila shindano. Wa madaraja mawili ya juu, watu 70, ndio wenye mshahara. Walio chini hula na kulala katika nyumba ya mwalimu wao, hufagia, hupika na kungoja zamu, karibu na vile tulivyomtumikia mwalimu wetu wa chuo kwa kuchota maji. Ni maisha magumu. Ila kijana wa chini kabisa anajua atapigana lini.

Januari hiyo bingwa alikuwa Terunofuji, mtu wa Mongolia, aliyemshinda Kotonowaka kwa pambano la ziada baada ya wawili hao kulingana. Lishike hilo jina la Kotonowaka.

Machi ikatukuta katika Ramadhani. Mpwa wangu alikuwa akifunga na kufanya mazoezi baada ya futari, nami nikamhadithia habari za Abdelrahman Shalan wa Misri, Mwafrika wa kwanza kuingia sumo ya kulipwa, waliyemwita Osunaarashi, maana yake tufani kubwa la mchanga. Julai 2014 shindano la Nagoya liliangukia Ramadhani. Alifunga, na katika siku mbili mfululizo akawaangusha mabingwa wakuu wawili, Kakuryu na Harumafuji. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza yuko wapi sasa. Nikamweleza ukweli: aliondoka katika mchezo mwaka 2018 baada ya kesi ya kuendesha gari bila leseni. Sikutaka kumpa hadithi iliyokatwa mkia.

Mwezi huo Osaka ilitoa ajabu yake. Takerufuji, kijana wa miaka 24 ambaye nywele zake zilikuwa hazijafikia urefu wa kufungwa kishungi, aliingia daraja la juu kwa mara ya kwanza na kulitwaa kombe, jambo lililokuwa halijatokea kwa miaka 110. Siku ya 14 aliumia kifundo cha mguu, akachukuliwa hospitali. Siku ya 15 akarudi na mguu uliofungwa, akashinda. Kwetu ilikuwa Jumapili, saa 5 asubuhi, midomo imekauka kwa saumu, nasi wawili tumeinamia simu moja.

Pambano la mpwa wangu lilikuwa limepangwa baada ya Idi. Wakubwa wa mchezo wakaliahirisha. Mwishoni mwa Aprili Mto Mathare ukafurika, watu wakafa na nyumba zikachukuliwa na maji, wala hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza habari za ngumi. Mei, wakati Onosato akitwaa kombe Tokyo katika shindano lake la 7 tu tangu aanze sumo ya kulipwa, ukumbi anaofanyia mazoezi kijana ulikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo haonekani. Juni na Julai yakawa maandamano, barabara zimejaa moshi. Tarehe ikasogezwa tena.

Ndipo nikaenda kumwona mwalimu wake. Nilikwenda kumtoa kijana, na nalisema wazi. Niliwakuta nje ya ukumbi uliofungwa, chini ya mti, vijana kama 20 wakiruka kamba vumbini. Mwalimu ni bondia wa zamani, mtu wa makamo yangu, pua imelala upande. Walikuwa na glavu jozi 3, zikizunguka kwa zamu. Mmoja alichelewa, akaamriwa kukaa na kutazama tu hadi mwisho. Mmoja alimtukana mwenziwe, akavuliwa glavu. Nimeketi mbele ya walimu wengi maishani mwangu na namjua mwalimu nikimwona.

Nikamweleza habari ya uso. Alisikiliza bila kunikatiza. Akasema, "Sharifu, mimi nawafunza zaidi kutopigwa kuliko kupiga. Nikiwaacha, huko nyuma ya soko watapigwa usoni na kitu kisicho glavu." Mimi si sharifu, lakini sikumsahihisha. Hoja yake haikujibu hadithi, naye alijua, nami nilijua. Nikakaa hadi magharibi.

Aliloniambia baadaye ndilo lililoniuma. Alisema bondia hauawi na ngumi, huuawa na kungoja. Nikamwelewa, kwa maana historia ya ngumi za Kenya imejaa miaka iliyoibwa. Mwaka 1972 huko Munich, Philip Waruinge alileta fedha, Samuel Mbugua na Dick Murunga shaba. Mwaka 1976 Kenya ikasusia Montreal kwa sababu ya Afrika Kusini, na 1980 ikasusia Moscow kwa sababu ya Afghanistan. Sisemi kususia kule hakukuwa na haki. Nasema Stephen Muchoki, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 huko Belgrade, milango yote miwili ilifungwa katikati ya umri wake. Waruinge yeye alikwenda kulipwa huko huko Japani, wakampa jina la Nakayama, na mwaka 1976 akapigania taji la dunia mara mbili bila kulipata. Mongolia wana njia ya kwenda Japani hadi leo. Sisi tulikuwa na mtu mmoja, na njia ikaota nyasi nyuma yake.

Julai Terunofuji alitwaa kombe lake la 10. Mtu huyu alikuwa amefika cheo cha pili kwa ukubwa, akaugua magoti na kisukari, akateremka hadi daraja la 5 kati ya madaraja 6, akaanza upya na vijana, akapanda mpaka akawa bingwa mkuu mwaka 2021. Mpwa wangu humpenda kuliko wote. Nami nafikiri si nguvu tu zilizomrudisha. Palikuwa na ngazi, na vidato vyake vilikuwa mahali pake siku aliporudi.

Agosti ikaja Olimpiki ya Paris, na hakukuwamo bondia hata mmoja wa Kenya. Tokyo, mwaka 2021, walikuwako 4, na mapambano yalifanyika ndani ya Kokugikan, jumba lenyewe la sumo. Nick Okoth alikutana na Mmongolia, majaji wakagawanyika, akashindwa. Christine Ongare, aliyepata shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018, naye alitoka mapema, na wenzao wawili vilevile. Wajapani hawaruhusu mwanamke kukanyaga ulingo wa sumo. Kariobangi wasichana wanakanyaga ulingo wa ngumi kila wiki, na mmoja wao, Elizabeth Andiego, alifika London mwaka 2012. Juu ya hilo nina maoni yangu, na mke wangu ana yake, na yake ndiyo yanayosemwa kwa sauti nyumbani.

Septemba Onosato tena. Novemba, huko Fukuoka, siku ya mwisho wawili wamelingana kwa ushindi 13, akashinda Kotozakura. Huyo ndiye yule Kotonowaka aliyeshindwa Januari, na sasa amevaa jina la babu yake aliyekuwa bingwa mkuu.

Jumamosi moja ya Desemba mpwa wangu akapanda ulingoni. Raundi 3. Sitadai kwamba niliziona zote, maana nusu nilizitazama kupitia vidole vyangu. Alikwepa vizuri. Raundi ya 3 akapatwa mdomoni. Majaji wakampa mwenziwe mkono, akainamisha kichwa kwa mpinzani, kwa mwamuzi, kisha kwa kona ya mwenziwe. Ngumi hazimdai mtu ainame mara tatu, na mwalimu alimtazama kwa mshangao. Mimi nilijua alikojifunza.

Tulirudi kwa miguu kupitia Shauri Moyo, mdomo umevimba, barafu ndani ya kitambaa. Simu yangu ikalia, ni mama yake. Nikaitazama ikilia.

"Mpokee, mjomba," akasema. "Nami nitasema naye." Kisha kabla sijabonyeza akauliza, "Wale Wajapani wanaanza lini Januari?"

"Tarehe 12," nikamjibu, nikapokea simu.