Siku Nne za Kazi: Swali Limeulizwaje?

Ukimuuliza mwajiriwa kama angependa kwenda kazini siku nne badala ya tano, jibu lake unalijua kabla hajafungua mdomo. Ndiyo maana sisi tunaotunga madodoso hatuliamini swali hilo likiachwa hivyo hivyo.

Wajerumani walilibana vizuri. Mwaka 2022 Wakfu wa Hans Böckler, ulio karibu na vyama vya wafanyakazi, uliwahoji walioajiriwa kwa muda wote. Takriban asilimia 81 waliitaka wiki ya siku nne. Dodoso halikuishia hapo, likagusa mfuko: asilimia 73 waliitaka iwapo tu mshahara utabaki ule ule. Waliokubali kukatwa walikuwa asilimia 8. Wengine 17 waliikataa kabisa. Wengi wao walisema wanaipenda kazi yao, au kwamba siku zitapungua lakini kazi zitabaki zile zile. Mimi hao ndio ningewasikiliza zaidi, kwani wanajua meza zao zinavyokuwa Ijumaa jioni.

Halafu kuna suala la saa. Ubelgiji, tangu 2022, mfanyakazi anaweza kuomba siku nne, ila saa za wiki hazipungui. Kila siku inarefuka tu. Majaribio ya Iceland ya 2015 hadi 2019, yaliyogusa watumishi wapatao 2,500, yalishusha saa kutoka 40 hadi 35 au 36 bila kukata mshahara, na wengi waliendelea kwenda kazini siku tano. Vyombo vya habari vikayaita yote mawili wiki ya siku nne!

Kwetu Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Wachache wanajua kwamba inaruhusu pia, kwa makubaliano ya maandishi, kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwemo, bila malipo ya ziada. Toa saa moja ya chakula, zidisha kwa nne: saa 44. Kwa hiyo siku nne za mtindo wa Ubelgiji zinawezekana hata leo.

Lakini kibarua analipwa kwa kutwa. Siku ya tano ikifutwa, ujira wake nao umefutwa. Dodoso linalomweka kapu moja na mwenye mshahara wa mwezi linajumlisha majibu ya maswali mawili tofauti.