Gereza la Kilwa na Kiswahili cha Salamabila

Nilizaliwa Salamabila, kusini mwa Maniema, mbali sana na bahari. Neno gereza nilikutana nalo vitabuni, kwa maana ya mahali wanapofungwa watu. Nyumbani tunasema boloko. Nilipofika Kilwa Masoko, kusini mwa Tanzania, nilimwendea mzee mwenye mashua nikamwambia: «Jambo baba. Niko natafuta njia ya kwenda Kisiwani, kuona gereza.»

Akacheka kidogo. «Huku mkubwa huamkiwa shikamoo, mwanangu. Hicho Kiswahili cha wapi?»

«Cha Kongo, baba.»

«Kimevunjika kidogo, lakini tunaelewana. Panda.»

Neno lile, kimevunjika, nilivuka nalo maji.

Gereza la Kilwa Kisiwani liko ufukweni, upande wa kaskazini wa kisiwa. Ni jengo la mraba la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye minara ya mviringo pembeni na mlango mkubwa wa mbao. Bahari imekwisha kula sehemu ya kuta zake, na wenyeji wamepanda mikoko ili kupunguza nguvu ya mawimbi.

Kwa nini ngome mahali pale? Kwa sababu ya dhahabu. Kilwa ilitajirika kwa kusimamia biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji, wakajenga ngome, kisha wakaiacha mwaka 1512. Ngome tunayoiona leo ilijengwa na Waomani yapata mwaka 1800, juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Sisi tuliokulia karibu na machimbo ya Namoya hatuhitaji maelezo marefu: penye dhahabu, mwenye nguvu hujenga ukuta.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kireno igreja, yaani kanisa, kwa kuwa ndani ya ngome za Wareno mlikuwa na kanisa. Kiswahili hakikulipokea kama lilivyo. Irabu ya mwanzo ilidondoka. Kati ya g na r ikaingizwa e, kwa sababu ulimi wa Mswahili haukupenda konsonanti hizo mbili zifuatane. Na j ikawa z. Maana nayo ilihama: kutoka kanisa hadi ngome, kutoka ngome hadi mahali pa wafungwa. Fort Jesus ya Mombasa inatuonyesha jinsi hatua hiyo ya mwisho ilivyowezekana, kwani ngome hiyo ilitumiwa kama jela tangu 1895 hadi 1958.

Nikiwa nimekaa kivulini, nilikumbuka kwamba kwetu darasa huitwa kalasi, kutoka neno la Kifaransa classe. Kati ya k na l tumeingiza a, na mwisho tumeongeza irabu. Kazi ni ileile iliyofanyika kwa igreja. Tofauti ni kwamba gereza limeingia katika kamusi, na kalasi mwanafunzi husahihishiwa kwa wino mwekundu.

Sisemi kwamba sarufi sanifu haina kazi. Naandika kwayo hapa. Nasema kwamba Kiswahili chetu hakikuvunjika njiani. Kilipanda na misafara kutoka pwani hadi Kasongo, mji wa Tippu Tip uliotekwa na majeshi ya Dhanis mwezi Aprili 1893. Kilikuja pamoja na utumwa, na hilo tusilifiche. Lakini waliobaki walikifanya chao. Mahali pa mji ule wa kale panaitwa Tongoni, yaani kwenye mahame: neno la pwani, katikati ya Kongo, bado linaeleweka.

Wakati wa kurudi nilimwambia yule mzee habari ya igreja. Alinyamaza, akapiga kasia.

«Kumbe na letu lilivunjika,» akasema.

«Halikuvunjika, baba. Lilijengwa upya.»