Ruhusa ya Kumzika Mjomba

Tunapozungumzia mgongano wa kazi na familia, hukimbilia kuhesabu saa. Mwaka 1985, watafiti Jeffrey Greenhaus na Nicholas Beutell waliutafutia mgongano huo vyanzo vitatu: muda, mkazo na mwenendo. Hicho cha tatu ndicho kinachosahaulika: mwenendo unaosifiwa kazini huweza kukugombanisha na watu wako.

Mchukulie mhudumu wa hoteli ya Diani, pwani ya Kenya, ambaye kwao ni kijiji cha Gazi. Hotelini, mfanyakazi mwema ni yule asiyekataa shifti. Kijijini, mtu mwema ni yule asiyekosekana mazikoni. Kwa Wadigo wa huko, ambao wengi ni Waislamu na kwa asili ukoo wao ulifuata upande wa mama, mjomba ana uzito mkubwa. Lakini meneja anayehesabu jamaa kuwa ni mume, mke na watoto tu ataiona ruhusa ya kumzika mjomba kuwa ni kisingizio. Na maiti ya Muislamu haicheleweshwi. Mtu akifa usiku, huenda akazikwa kabla ya adhuhuri. Ruhusa ya kuombwa siku mbili kabla itamsaidia nani? Mhudumu huyu akibaki kazini hakosi mazishi tu, anapoteza heshima yake kama mpwa.

Pale pale Gazi kuna kazi za namna nyingine. Akina mama wanaendesha daraja la mbao la kutembeza wageni ndani ya mikoko, na tangu 2013 mradi wa Mikoko Pamoja, unaozijumuisha Gazi na Makongeni, unauza hewa ya kaboni kutokana na hekta 117 za msitu. Huko, mwenzako wa kazi ndiye jirani yako. Msiba wako anaujua bila barua. Sidai kwamba huko hakuna taabu: ugomvi wa kazini nao hukufuata hadi arusini.

Kuupunguza mgongano huu, sheria peke yake haitoshi. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga chumba cha kunyonyesha, lakini mama akiguniwa kila anapoingia humo, ataacha kuingia. Mabadiliko huanzia kwa wakubwa. Wakubali wafanyakazi wabadilishane shifti bila kuonekana wavivu, wauheshimu msiba wa mjomba, na ratiba ya Ramadhani waipange pamoja na wanaofunga, kabla mwezi haujaandama.