Je, Wajua? Baada ya Asumbi, mtu analala wapi?

Je, wajua kwamba kituo cha Asumbi, kando ya barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay, kimetibu waraibu tangu 1978? Sheria iliyounda NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ilipopitishwa mwaka 2012, Asumbi ilikuwa na miaka 34 kazini.

Wajua chang'aa ilipigwa marufuku 1980, kisha sheria ya kudhibiti pombe ya 2010, maarufu kama sheria ya Mututho, ikairuhusu, mradi iwe na leseni na itiwe kwenye chupa? Ile ya mtungi wa jirani bado ni haramu. Na bado inauzwa.

Wajua mlevi wa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kufa? Siku ya pili au ya tatu mikono hutetemeka, jasho humtiririka, huona wadudu ukutani wasiokuwepo, na degedege huweza kumwangusha. Kumfungia chumbani ajirudi ni hatari. Mpeleke hospitali.

Wajua matibabu ya kulazwa kwa kawaida huchukua miezi mitatu hivi? Mimi naona kazi huanza siku ya 91. Kijana anashuka stendi ya Rongo na begi lake, nguo zimefuliwa, mashavu yamejaa. Wa bodaboda wanamwita kwa lile jina la ulevini. Akifika nyumbani, nyuma ya jiko kuna pipa linachemka, maana mama hulipa karo kwa chang'aa. Tusimlaumu mama, lakini kijana alale wapi?

Jibu lipo, nalo si geni Afrika Mashariki. Ni nyumba wanamoishi pamoja walioacha ulevi; Watanzania huziita nyumba za upataji nafuu, au soba hausi kwa lugha ya mtaani. Wajua ya kwanza Unguja ilifunguliwa 2009, ikaitwa Detroit, na mwanzilishi wake mwenyewe aliwahi kuwa mtumiaji wa heroini?

Wajua Oxford House, soba hausi ya Marekani, ilizaliwa kwa kufukuzwa? Mwaka 1975, mjini Silver Spring, Maryland, wanaume waliokuwa wakijinasua na pombe waliambiwa makao yao yanafungwa. Wakakodi nyumba wenyewe. Hakuna daktari wala msimamizi anayelipwa mshahara. Kodi wanagawana sawa, mambo ya nyumba yanapigiwa kura, na anayekunywa anaondoka. Basi. Leo nyumba za namna hiyo zimepita 3,000.

Kwa hiyo soba hausi si hospitali. Ni zamu ya kusonga ugali, sufuria ya kuosha, na mwenzako wa chumba anayejua harufu unayojaribu kuficha.

Simu ya NACADA ni 1192, haina malipo. Kabla ya kumpeleka mtu wako popote, uliza kama kituo kimesajiliwa nao. Kisha uliza na hili: akimaliza, atalala wapi?